Picha ni moto, lakini aliyepigwa anajua?

JUMAPILI ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, utatukuta nje ya jengo la Archives jijini Nairobi tukipiga miayo. Tao bado haijaamka vizuri. Matatu za kwanza zinashusha watu wa kanisa na wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Wauza chai wanapita na chupa zao. Sisi, watu kati ya wanane na kumi na wanne kulingana na mwezi na hali ya mfuko, tunapangusa lenzi za simu kwa ncha ya tisheti.

Kundi letu halina jina. Halina mwenyekiti, halijasajiliwa popote na halitozi ada. Mwenye kibanda cha chai tunapomalizia mizunguko hutuita "wale wa picha", na hilo linatutosha. Kuna mwanafunzi wa uuguzi, dada anayehudumu katika duka la M-Pesa, mwendesha boda, mwalimu wa shule ya msingi, mafundi wawili wa simu kutoka Luthuli, na mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amewapigia watu picha za malipo Uhuru Park. Kamera kubwa ziko tatu pekee. Wengine wote tunatumia simu, mbili kati yake zikiwa na vioo vilivyopasuka.

Nilijiunga nikiwa na nia moja: kusifiwa. Nilikuwa nimechoka kupiga picha peke yangu kisha kungoja laiki za binamu zangu. Nilitaka watu wanaojua kazi waniambie kwamba mimi pia najua.

MEZA ISIYOTAKA 'MOTO'

Utaratibu ni rahisi. Tunatembea saa mbili au tatu, kila mtu akipiga anachoona. Mwezi unaofuata, baada ya matembezi mengine, kila mmoja analeta picha moja tu, tena iliyochapishwa kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi ya posta. Ukienda vichochoro vya River Road utaipata kwa bei isiyozidi ya chapati mbili.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu kwenye simu unaangalia picha kwa sekunde mbili, kidole kinateleza, umeshahama. Karatasi ikiwekwa mezani kati ya vikombe, watu kumi wakaizunguka kwa dakika tano, mlingoti unaochomoza juu ya kichwa cha mtu hauna pa kujificha. Jengo lililolala upande nalo linaonekana limelala.

Mwenye picha hufunga mdomo hadi kila mtu aseme. Kila msemaji anajibu maswali matatu: naona nini, nini kinanisumbua, na ningependa kumuuliza mpigaji kitu gani. Ukisema "moto", "noma" au "kali" halafu ukanyamaza, unatoa shilingi kumi. Pesa hizo hununua mandazi. Mwezi wangu wa kwanza, karibu mandazi yote yalitoka mfukoni mwangu.

Sheria hiyo ina maana. Ukiweka picha mtandaoni, marafiki wanakujazia vile vijimoto, unalala ukijiona wewe ndiye Mohamed Amin. Kesho yake unapiga picha nyingine yenye kosa lilelile, kwa sababu hakuna aliyekuambia kuna kosa.

Picha yangu ya kwanza mezani ilikuwa ya KICC jua likitua. Niliipenda sana. Nilikuwa nimeiwekea filta ya rangi ya chungwa hadi mawingu yakafanana na supu ya malenge. Mwalimu aliishika, akaitazama, akasema kwa upole: "Naona KICC. Jengo hili limepigwa picha tangu lifunguliwe 1973. Wewe uliona nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yangu kimya huku masikio yakiwaka.

Lakini nilirudi, na kidogokidogo nikaanza kujua mambo. Nilijifunza kwamba Nairobi iko karibu sana na Ikweta, kwa hivyo jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano mwaka mzima, kisha linapanda haraka kama mtu anayekimbilia basi. Kufikia saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mtu kwenye picha yanageuka mashimo mawili meusi. Ndiyo maana tunaamka mapema, si kwa sababu tunapenda baridi.

Nilijifunza pia kwamba kamera hujaribu kuleta kila kitu kwenye wastani. Ukimpiga mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa mbele ya mbingu nyeupe, simu inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wa rafiki yako unapotea gizani. Gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga, ama mhamishe asimame mbele ya ukuta. Usivute picha kwa vidole. Songa kwa miguu.

USINGIZI WA MARIKITI

Miezi kadhaa baadaye, matembezi yalitupeleka soko la Wakulima, lile ambalo kila mtu huita Marikiti. Hapo usiku hauna tofauti na mchana. Malori ya viazi na kabeji kutoka Kinangop hufika gizani, na jua linapochomoza wenye kazi wamekuwa macho kwa saa nyingi.

Nilimwona mama mmoja ameketi chini, mgongo umeegemea gunia la viazi, amelala fofofo. Kiatu kimoja kilikuwa kimemvuka. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mikono yake miwili ilikumbatia mfuko wa aproni ya kijani, pale pesa zinapokaa, kwa nguvu kana kwamba mikono peke yake ilikuwa haijalala. Kati ya maturubai ya malori mawili ulipenya mwale wa jua, ukatua usoni pake na kwenye mikono ile.

Nilipiga mara tatu. Hakusikia. Niliondoka nikitetemeka, kwa sababu hata kabla ya kuangalia nilijua nimepata.

Mwezi uliofuata niliweka picha hiyo mezani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeanza kusema. Fundi mmoja wa Luthuli alitoa shilingi kumi mfukoni, akaiweka mezani, akasema: "Acha nilipe tu. Buda, hii ni kali." Watu walicheka. Mwalimu alisema macho yake yanaenda kwenye mikono, kisha usoni, kisha kwenye kiatu, na kwamba hangekata hata ncha moja ya picha hiyo. Nilikuwa mbinguni. Kulikuwa na shindano moja la picha za simu, lilibakisha siku kumi lifungwe, na zawadi yake ingeninunulia kamera ya mtumba niliyokuwa nikiimezea mate dirishani kwa miezi.

Kisha zamu ikamfikia dada wa M-Pesa. Aliitazama picha muda mrefu.

"Nataka kuuliza tu," alisema. "Anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba umempiga."

Nilivunja sheria ya kunyamaza. Nilisema alikuwa amelala, sasa ningemwamsha nimuulize kama naweza kumpiga akiwa amelala? Nilisema soko ni mahali pa watu wote. Fundi alinisaidia. Alimtaja Mohamed Amin, kijana wa Eastleigh aliyezaliwa 1943, ambaye kanda zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliamsha dunia nzima hadi misaada ikamiminika. "Wale watu walikuwa wanakufa," fundi alisema. "Angeenda akiuliza mmoja mmoja?"

Mwanafunzi wa uuguzi alijibu bila kupandisha sauti: "Picha za Mo zilileta chakula kwa waliopigwa. Hii ikishinda, zawadi ni ya nani?"

Dada wa M-Pesa akaongeza kitu ambacho hakuwa ametuambia kamwe. Mama yake aliuza nyanya sokoni kwa miaka mingi, akiondoka nyumbani saa nane za usiku. "Ningefungua simu nimpate mamangu hivi, kiatu kimetoka, na watu mia tatu wameandika moto," alisema, "sijui ningefanya nini."

Nilichukua picha yangu, nikaenda. Mwezi uliofuata sikuonekana Archives.

SHERIA NAYO?

Nikiwa nimenuna nyumbani, nilisoma sheria nikitafuta kipengele cha kunitetea. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari zozote zinazoweza kumtambulisha mtu, na uso wako ni mojawapo. Si maneno matupu. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inaacha nafasi kwa kazi ya uanahabari na sanaa, kwa masharti yake. Pengine wakili mzuri angenitetea. Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyogundua kwamba swali la dada yule halikuwa la wakili. Hakuuliza kama inaruhusiwa. Aliuliza kama mama anajua.

NILIPORUDI

Zilikuwa zimebaki siku sita shindano lifungwe. Nilichapisha picha, nikaitia ndani ya bahasha, nikaenda Marikiti alfajiri kabla ya kwenda kazini kwangu kwenye saiba. Njiani niliwaza kwamba njia rahisi ya kumpata ni kuwaonyesha wenzake picha niwaulize, "Mnamjua huyu?" Nikaona kufanya hivyo ni kumwanika mara ya pili, tena mbele ya watu wanaomfahamu. Bahasha ikabaki imefungwa.

Siku ya kwanza mama mmoja alinitazama nikizungukazunguka akaniuliza kama mimi ni kanjo. Siku ya pili ilinyesha. Siku ya tatu niliiona ile aproni ya kijani.

"Habari ya asubuhi, mathe."

"Mzuri. Unataka debe ama gunia?"

Nilimweleza. Nilijikanyaga kwa maneno, nikaanza upya, kisha nikampa tu bahasha. Alipangusa mikono kwenye aproni, akaitoa picha, akaigeuza kuelekea mwangaza. Hakukasirika. Alinyamaza muda mrefu hadi nikatamani akasirike.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Umeuza hii?"

"Bado. Nilitaka kukuuliza kwanza." Hiyo haikuwa kweli kabisa, na nadhani alijua.

"Kijana, mimi silalangi ovyo," alisema. "Hiyo siku lori lilikwama Flyover. Tulingoja mpaka saa kumi." Akaitazama tena. "Watoto wangu wako bweni. Wenzao wakiona mama yao amelala kwa gunia, mdomo wazi? Hapana. Hii usipeleke mahali."

Nilisema sawa. Neno hilo moja liliondoka na kamera ya dirishani.

Nilikuwa nimeshageuka niende aliponiita. "Lakini si unipige ingine. Mzuri."

Alipotea nyuma ya malori. Aliporudi alikuwa amenawa uso na kukifunga upya kitambaa cha kichwa, na viatu vyote viwili vilikuwa miguuni. Alisimama kando ya magunia yake, mikono ubavuni, wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Saa tatu ilikuwa imepita na jua lilikuwa limeshaharibika. Nilimwomba acheke kidogo.

"Nicheke nini? Hii ni ya kutuma nyumbani."

Nilipiga. Kesho yake nilimletea kopi mbili. Alizitia mfukoni mwa aproni, pamoja na pesa.

MEZANI TENA

Mwezi uliofuata nilirudi Archives. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mwendesha boda alinipa nusu ya mahindi yake, basi.

Niliweka mezani picha ya pili, na wenzangu hawakunionea huruma hata kidogo. Kioo cha pembeni cha lori kilikuwa kimeota kichwani pa mama kama sikio la tatu. Magunia yalikuwa yamelala upande. Macho yake yalikuwa gizani, kosa ambalo nilikuwa nimeshafundishwa kulikwepa. Yote ni kweli. Kama ningemhamisha hatua mbili tu kivulini, mengi yangepona.

Mzee wa Uhuru Park ndiye aliyeshika picha mwisho. Kazi yake ni tofauti na yetu. Kwake mtu huja mwenyewe, akiwa ameshapiga nguo pasi, akachagua asimame wapi na jengo gani lionekane nyuma. Asipopenda picha, halipi.

"Angalia kitambaa hiki," alisema, kidole kikiwa kwenye kichwa cha mama. "Amekifunga upya. Mtu akijua anapigwa, anakupangia vile anataka aonekane. Wewe kazi yako ni kutomharibia. Umemharibia kidogo na hiki kioo cha lori, lakini utajua."

Fundi hakukubali, na hadi leo hajakubali. Kwake picha ya kwanza ndiyo ya kweli: jiji linapaswa kuona namna wanaolilisha wanavyolala. Anasema tukiomba ruhusa kila mara, tutabaki na albamu iliyojaa watu waliosimama wima wakituangalia. Hajakosea kabisa. Sisi wenyewe tunazipenda picha za mtaani kwa sababu watu ndani yake hawajajipanga. Tumebishana juu ya jambo hili vikombe vingi vya chai, na bado tunakaa meza moja.

Tulichokubaliana ni kidogo. Swali la nne limeongezwa kwenye yale matatu: anajua? Jibu linaweza kuwa hapana, kama umepiga umati wa Archives ambao hakuna anayetambulika ndani yake, au kivuli cha mtu kwenye ukuta. Lakini lazima uwe na jibu. Na picha ya mtu aliyelala, mgonjwa, anayelia au mtoto haitoki mezani kwenda kokote bila ruhusa yake au ya mzazi wake.

UKITAKA KUANZA NA WENZAKO

Huhitaji kamera. Tafuta watu wanne au watano, siku moja ya mwezi, na mahali pa kuketi ambapo mwenye kibanda hatawafukuza mkikaa saa nzima na chai moja. Chapisheni picha. Leteni moja kila mtu. Kuchagua moja kati ya mia ni somo lenyewe. Mwenye picha anyamaze, na msifu na kukosoa kwa kutaja kitu kinachoonekana: "mkono huu", "kona hii". Maneno kama "inapendeza" hayamfundishi mtu kitu.

Mkiwa mtaani, tembeeni wawiliwawili, simu zikiwa zimeshikwa vizuri. Mlinzi akisema hapa hapapigwi picha, muulizeni kwa heshima, kisha mwendelee mbele. Jiji ni kubwa. Jifunzeni kuomba kwa ishara: inua kamera, inua nyusi, ngoja. Wengi hukubali. Wengine hukataa, na wanaokataa wasilazimishwe kueleza sababu. Ukimwahidi mtu kopi, mpelekee. Hapo ndipo utajua kama ulikuwa unapiga picha yake au yako.

Picha ya kwanza bado iko kwenye simu yangu. Sijaituma popote na sijaifuta. Usiku mwingine huifungua, naangalia mikono ile, naifunga. Bado ndiyo picha bora niliyowahi kupiga.

Wiki iliyopita nilipita Marikiti. Mama aliniona kabla sijamwona, akapaza sauti juu ya magunia akitaka nimtengenezee kopi nyingine ya ile ya kusimama. Nilidhani mvua imeilowesha.

"Wapi!" alisema. "Moja niliipeleka nyumbani. Hiyo ingine kijana wangu ameenda nayo shule."